Pikapu Kuukuu na Spea za Mtumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Gari Unguja na Pemba

Majibu haya yanamlenga zaidi mwenye Hilux ya dizeli ya miaka ya 1980 na 1990 (injini za 2L na 3L), kwa sababu ndizo zinazobeba mwani, samaki, mchanga na ndizi katika visiwa hivi hadi leo. Mwenye Isuzu, Nissan au Mazda ya rika hilo atakuta mambo ya chesisi, breki, springi na umeme ni yaleyale.

Spea zipi ninunue za mtumba, na zipi lazima ziwe mpya?

Chuma kinunue cha mtumba. Mpira, na kila kitu kinachoisha kwa kusuguana, nunua kipya. Bloku ya injini, hedi iliyopimwa, giaboksi, difu (boksi la meno linalogawa nguvu kwa magurudumu), ekseli, nako (kishikio cha gurudumu la mbele), milango, bonet, stata na alternata vinapatikana vizuri kwenye gari zilizokatwa, na mara nyingi cha mtumba halisi kitaishi kuliko kipya cha bei ndogo kinachouzwa kwenye boksi zuri. Lakini taiming belti, siili za oili, gasketi, mipira ya breki, mpira wa ndani ya masta silinda, pedi na bitana za breki, bol jointi, tairodi endi na diski ya klachi havinunuliwi mtumba hata muuzaji akikupa bure. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa stoo: hupasuka ndani wakati nje unang'aa. Bol jointi iliyotoka kwenye gari iliyogongwa inaweza kuwa imepinda kiasi ambacho jicho halioni.

Na spea usiende kuinunua kwa jina la gari. Chukua ile ya zamani, ipeleke dukani, zilaze pamoja, hesabu meno, pima matundu ya boliti. "Ya Hilux" si jibu; Hilux zimetoka za aina nyingi mno. Kabla ya kutoka nyumbani, piga picha kibati kilichopigwa ndani ya chumba cha injini: kina modeli kamili, aina ya injini, na namba za giaboksi na ekseli kwenye mstari wa TRANS/AXLE. Muuzaji anayejua kazi yake ataanza kukuuliza hicho.

Gari ina kutu. Nitajuaje kama chesisi bado inafaa?

Hili ndilo swali la kwanza, kabla hujatoa hata shilingi ya injini. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi ngumu. Igonge chesisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti nzito isiyo mlio, na magamba ya kutu yanadondoka. Penye sauti hiyo chokoa kwa bisibisi kwa nguvu.

Usipoteze muda sehemu za wazi. Angalia juu ya ekseli ya nyuma pale chesisi inapopinda, mashikio ya springi za nyuma, pale bodi na kabini zinapokalia chesisi, na ndani ya boksi la chesisi, yaani uwazi ulio ndani ya chuma chake. Gari zinazokwenda Paje, Jambiani, Bwejuu au Micheweni huingiza mchanga kwenye matundu ya chesisi. Mchanga huo umelowa maji ya chumvi na haukauki hata kiangazi. Gari inayobeba mwani mbichi au samaki wa barafu inaharibika zaidi, kwa sababu maji yanachuruzika kupitia sakafu ya bodi na kutua moja kwa moja juu ya chesisi, na mwenye gari haoni kitu.

Bisibisi ikipenya sehemu moja mbali na mashikio, kiraka kinafaa. Ikipenya kwenye shikio la springi upande mmoja, kazi ni kubwa lakini inawezekana. Ikipenya pande zote mbili, tafuta chesisi nyingine au iache hiyo gari iwe ya spea. Injini nzuri juu ya chesisi iliyooza ni hatari kwa abiria na kwa anayekuja mbele.

Kiraka cha chesisi kinatiwa vipi ili kisipasuke tena?

Kwanza tenganisha betri na chomoa waya za alternata. Umeme wa kuchomea ukipita humo dayodi za alternata zinakufa. Ondoa tangi la mafuta na mabomba ya breki yaliyo karibu, maana kufunika kwa kitambaa kilicholowa hakutoshi. Kata kutu yote hadi ufike chuma cheupe, kisha osha ndani ya boksi kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) mengi hadi mchanga ukome kutoka, na uache ikauke siku nzima juani.

Bati la kiraka liwe na unene sawa na chesisi yenyewe, kwa kawaida milimita 3 hadi 4. Bati nene zaidi si bora: chesisi inacheza barabarani, na pale penye ugumu unaobadilika ghafla ndipo inapokatika, pembeni kabisa mwa kiraka. Kwa sababu hiyohiyo likate ncha zake ziwe za mshazari, zisiwe mraba, ili mshono usishuke wima kukata chesisi. Usichomee ukingo wa juu wala wa chini kabisa wa chesisi, kwani hizo ndizo sehemu zinazobeba mzigo. Ukimaliza paka redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) pande zote, na ndani pia kupitia matundu, halafu rangi. Yale matundu ya chini usiyazibe. Ndiyo njia ya maji kutoka.

Injini ya Hiace itaingia kwenye Hilux yangu?

Ndiyo, na ndiyo sababu 2L, 3L na 5L bado zina maisha hapa: Hiace za daladala zimetumia injini za familia hiyohiyo, na zikifa bodi injini hubaki. 2L ina sentimita za ujazo 2446, 3L ina 2779, 5L ina 2986. Tofauti zipo kwenye vitu vinavyozunguka bloku: sampu (karai la oili la chini) na bomba la kufyonza oili, mikono ya mauntingi, manifoldi, mahali alternata inapokaa. Basi usiitupe injini yako mbovu kabla nzima haijawaka. Utahamisha sampu, mauntingi na flaiwili kutoka kwenye yako.

Angalizo moja: 2L za mwanzo zina roka kwenye hedi, za baadaye kamshafti inagandamiza vikombe vya valvu moja kwa moja. Usichanganye hedi ya hii na bloku ya ile kwa kukisia.

Jiepushe na injini za pampu ya umeme kama 2L-TE au 1KZ-TE ukiwa na gari ya pampu ya kawaida. Bila waya zake zote, kompyuta yake na sensa zake utabaki na chuma kizuri kisichowaka.

Injini iko chini dukani, haijafungwa kwenye gari. Naikagua vipi?

Funua kifuniko cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia; iache. Chomoa kijiti na unuse: oili yenye harufu kali ya dizeli huonyesha nozeli inayomwaga au pampu inayovuja. Chungulia manifoldi ya kuingizia hewa kwa tochi. Ukiona kutu nyekundu au mstari wa chumvi mweupe, injini imewahi kuzama au imekaa nje na mvua, na ringi huenda zimeshika.

Toa hita plagi zote nne, weka spana kwenye boliti ya krenki na uzungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili, kulia ukiitazama kwa mbele. Inatakiwa iende kwa uzito wa sare. Ikigota ghafla usiilazimishe: injini hizi belti ikikatika pistoni hukutana na valvu, na mgoto huo huenda ni valvu iliyopinda. Sukuma na uvute puli ya krenki. Ukisikia "kok" ya wazi, beringi za kusukuma zimekwisha.

Kama giaboksi na stata bado zimeshikana nayo, omba betri upime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Tumia geji ya dizeli. Ya petroli itapasuka. Injini nzuri ya 2L au 3L inasoma karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba (psi 455). Mwisho wa kukubalika ni 20 (psi 284), na silinda isipishane na nyingine kwa zaidi ya 5 (psi 71). Namba za chini kidogo lakini sawa zote nne ni bora kuliko tatu za juu na moja iliyolala.

Angalia pia namba ya injini. Ikiwa imesuguliwa au kugongwa upya, ondoka.

Kwa nini hedi za injini hizi hupasuka sana huku?

Joto, na joto hilo chanzo chake ni maji. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na karibu na pwani yana chumvi. Chokaa inaganda kwenye mirija ya rejeta na ndani ya hedi, injini inapanda joto, na hedi inapasuka baina ya valvu. Tia kulanti iliyochanganywa na maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya betri (yaliyosafishwa, si asidi), nusu kwa nusu.

Kosa la pili ni la mafundi wengi: wanatoa thermostati (valvu inayofungulia maji yaende rejeta injini ikipata moto) wakidhani injini itapoa. Kwenye injini hizi thermostati ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji ya moto yanapita njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kufika rejeta, na joto linazidi. Rudisha thermostati. Kuijaribu ni rahisi: itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto na uone ikifunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, kwa kawaida 82 au 88. Kifuniko cha rejeta nacho ni kitu kidogo kinachoua injini. Mpira wake ukikauka, maji yanatoka njiani kidogokidogo hadi geji ipande.

Hedi ya mtumba isifungwe kabla ya kupelekwa kwa fundi wa mashine ikapimwa kwa presha na kwa rula ya chuma. Ikiwa pengo chini ya rula linafika milimita 0.20, haifai kufungwa hivyo. Gasketi za injini hizi ziko za unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F, na huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Bloku na pistoni zikiwa zilezile, nunua alama ileile ya gasketi uliyotoa. Boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo cha injini yako hasa. Mkono wa fundi, hata awe hodari vipi, si toki renchi.

Injini nimeshaifunga. Niiwashe vipi mara ya kwanza?

Kabla haijaingia kwenye gari ilipaswa kuwa na taiming belti mpya na beringi zake, wota pampu, na siili za krenki na kamshafti. Kazi hiyo, injini ikiwa chini, inachukua asubuhi moja. Ikiwa ndani ya gari ni shida.

Tia oili lita 5 hadi 6 kwa kufuata kijiti. Chomoa waya mmoja ulio kwenye soleni ya kukata mafuta juu ya pampu, kisha piga stata kwa sekunde 10, pumzika, rudia, hadi taa ya oili izime. Sasa oili imefika kwenye beringi. Rudisha waya. Pampu kwa mkono ile ya juu ya filta ya dizeli hadi iwe ngumu, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, piga stata hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Ikiwaka, iache izunguke taratibu bila kukanyaga mafuta na usiondoke. Tazama geji ya joto, uvujaji, na moshi. Moshi mweupe wa dakika chache ni kawaida. Mweupe usiokoma na wenye harufu ya kulanti ni hedi au gasketi.

Spea za Dubai ni bei nafuu. Zinafaa?

Za ndani ya injini, giaboksi na difu, ndiyo. Lakini gari za Ghuba zina usukani kushoto. Boksi la usukani, dashibodi, mfumo wa waipa na pedali havitaingia kwenye gari yetu. Taa za mbele zitaingia, na hapo ndipo hatari ilipo: zimetengenezwa kumulika ukingo wa kulia wa barabara. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukizifunga utammulika usoni kila anayekuja mbele yako usiku, hata ukiwa umeshusha taa. Hafukati (nusu ya gari iliyokatwa) ya Japani ina usukani upande wetu na haina tatizo hili.

Nimepata difu. Nitajuaje kama meno yake ni sawa na yangu?

Kwenye gari: inua gurudumu moja tu la nyuma, jingine likae chini, giaboksi iwe nyutro. Weka kigingi magurudumu ya mbele. Tia alama ya chaki kwenye propela (shafti itokayo giaboksi kwenda difu), zungusha gurudumu lililo juu mara 10 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Gawa kwa 5. Ikizunguka 20 na nusu, difu ni 4.1, ikikaribia 22 na robo tatu, ni 4.556.

Dukani, difu ikiwa imefunguliwa, hesabu meno: 41 ya kubwa kwa 10 ya ndogo ni 4.1, 41 kwa 9 ni 4.556.

Kwa gari ya magurudumu mawili ya kusukuma, tofauti itabadilisha tu mwendo na geji ya spidi. Kwa foo wili (gari inayosukumwa na magurudumu yote manne), difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe sawa. Zikitofautiana, ukitia foo wili kwenye barabara kavu ekseli mbili zinavutana, na kitu lazima kivunjike.

Na giaboksi?

Hesabu meno ya shafti inayoingia kwenye klachi, pima urefu wake, linganisha na diski yako. Zungusha kwa mkono katika kila gia. Chomoa boliti ya chini, tazama oili: unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida. Kabla ya kuifunga badili siili ya mbele na beringi ya klachi.

Breki zinashika mbele tu baada ya kuongeza majani ya springi. Kwa nini?

Kwa sababu ya valvu iliyo karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayopima uzito. Gari ikishuka kwa mzigo, fimbo inafungua presha zaidi ya nyuma. Ukiongeza majani, nyuma inapanda, valvu inadhani gari ni tupu daima, na breki za nyuma hazipati presha hata ukiwa na tani ya mchanga. Rekebisha urefu wa fimbo kwenye nati zake. Wengine huing'oa kabisa. Matokeo yake ni magurudumu ya nyuma kukwama gari ikiwa tupu, na masika gari inageuka na kutazama ilikotoka.

Ngoma ya mtumba ina kipenyo cha mwisho kilichoandikwa juu yake. Ikikizidi ni chuma chakavu. Mafuta ya breki, DOT 3, yanafyonza unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, basi yabadili kila mwaka. Kutoa hewa anza gurudumu la mbali na masta silinda: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, na kwenye valvu ile ya fimbo ikiwa ina nipo (kichuchu cha kutolea hewa) yake.

Majani ya springi nayachagua vipi?

Pima upana (Hilux ni milimita 60), urefu kutoka jicho hadi senta boliti kila upande, na upinde. Senta boliti na yu-boliti ziwe mpya. Iliyokwisha kukazwa ikavutika haishiki tena, na ekseli ikisogea senta boliti inakatika.

Taa zinafifia na stata inavuta polepole, ila betri ni mpya.

Tafuta asi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari) kwanza. Weka mita ya volti baina ya kichwa hasi cha betri na bloku ya injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, waya wa asi umeliwa. Chumvi hugeuza shaba kuwa unga wa kijani ndani ya ganda la waya, kwa hiyo nje haionekani. Funga waya mpya kutoka betri hadi bloku, bloku hadi chesisi, chesisi hadi kabini, kwenye chuma kilichosuguliwa, kisha paka grisi juu. Injini ikiwaka, betri isome baina ya 13.8 na 14.4.

Nipake oili chafu chini ya gari kuzuia kutu?

Hapana. Inalainisha bushi na mipira ya breki hadi ivimbe, inakamata mchanga wenye chumvi, na mvua ikinyesha inashuka ardhini kuelekea visimani. Osha chini kwa maji baridi kila siku uliyobeba mwani au samaki, ukiingiza mpira wa maji ndani ya matundu ya chesisi. Tandika turubai zima kwenye sakafu ya bodi kabla ya kupakia, lenye kingo zilizoinuliwa ili maji yamwagike nyuma. Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, ikikauka vizuri, nyunyiza nta ya chesisi ndani ya boksi.

Nikibadili injini, kadi ya gari inahusika?

Inahusika. Namba ya injini imo kwenye usajili. Dai risiti yenye namba hiyo na jina la muuzaji, na upeleke mabadiliko kwenye ofisi ya usajili kabla hujaingia barabarani, si baada ya kusimamishwa na trafiki.

Baada ya kumaliza kazi, niirudishe lini gereji?

Baada ya kilomita 200 kaza tena yu-boliti, nati za magurudumu, boliti za propela na mauntingi. Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili ya injini, kata filta ya zamani ufunue karatasi yake na utafute chembe za chuma zinazong'aa. Usibebe mzigo kamili kabla ya hapo.